Lori Linalochelewa Kukata Kona

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mtaa wote wa Bwaise unanuka matope. Nimechoka, na hata kuandika kwamba nimechoka kunanichosha.

Wiki nzima nasimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme mjini. Nikirudi namwogesha baba, namlisha, namfanyisha mazoezi. Tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia umekuwa mzito. Mtaalamu wa viungo kule hospitali ya Mulago alituambia chochote kitakachoupa mkono kazi ni dawa. Nikawaza, mtu aliyeendesha malori ya jeshi karibu maisha yake yote, nimpe nini kama si lori?

Nikamtafutia gemu ya malori na usukani wa plastiki wa mtumba. Kompyuta yangu kuukuu inatumia Linux na gemu ni ya Windows, kwa hiyo inapitia kwenye programu ya upatanifu, ile inayoidanganya gemu ijione iko kwao. Inadanganyika, lakini kwa kusuasua. Picha zinakwama. Ukizungusha usukani, lori linafikiri kwanza, kisha ndipo linageuka.

Mimi niliiona kero ndogo tu. Baba aliiona hukumu.

Ijumaa alilitumbukiza lori mtaroni kwenye kona ileile ya kila siku, akauachia usukani. "Aber, mkono hii imekufa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Mimi nageuza, yeye anakuja nyuma, pole pole. Jumatatu mimi siendi Mulago. Wacha wasaidie watu wengine."

Baba akisema siendi, haendi. Sikulala vizuri.

Jana mchana alipopitiwa na usingizi nilikaa kwenye kiti chake, nikashika usukani kwa mkono wangu mzima. Lori likachelewa vilevile. Nusura nimwamshe. Alipoamka nikamweleza kwamba ubovu ni wa kompyuta, si wake. Akanitazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi.

"Unanidanganya nifurahi."

Basi leo sikwenda kanisani. Nimeshinda nikipekua kompyuta, na cha kwanza nilichokikuta kilikuwa kazi ya mikono yangu. Umeme wa huku ukikatika hauagi, kwa hiyo siku nilipoinunua niliiweka kwenye hali ya kubana chaji, nikasahau. Ikawa inajikokota hata ikiwa imechomekwa ukutani. Nikaibadilisha.

Bado.

Nikagundua kadi ya picha ilikuwa imekaa bure. Draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo, ambayo programu ya upatanifu inaihitaji kwa gemu hii haikuwapo, hivyo kazi yote ya kuchora barabara na milima ilikuwa imetwishwa prosesa. Niliposakinisha ile draiva na kupunguza vivuli, picha zikaanza kutiririka. Nikashika usukani. Laini kabisa, na bado lori linachelewa! Hapo nilitamani kuifunga kompyuta nikalale hadi mwaka kesho.

Mkosaji wa mwisho alikuwa mpangilio unaozipanga picha foleni zisichanike kwenye skrini. Kila picha ilikuwa inangoja zamu yake, na kule kungoja ndiko baba alikokuwa anakuita kifo cha mkono. Nikauzima. Sasa picha inachanika kidogo kwa juu, lakini nikigusa usukani, lori linaitika papo hapo. Na kwa kuwa kila sehemu mpya hukwama mara ya kwanza, programu ikiwa bado inatafsiri namna ya kuichora, niliendesha barabara yote mwenyewe ili baba aikute imeshatafsiriwa. Mimi, ambaye hata bodaboda siwezi kuendesha.

Baba alikaa. Akageuza, lori likageuka. Akaipita ile kona ya mtaro, nami nikajikuta nimelishika shati lake mgongoni, sijui namzuia asianguke wapi.

Kisha, kwenye mteremko, lori likayumba hadi ukingoni. Halikuanguka. Lakini nilikuwa nautazama mkono, si skrini, na safari hii aliyechelewa alikuwa mkono.

Iliniuma sana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, kwamba kompyuta imekwama tena. Siku zote hizi, kumbe nilikuwa natumaini kosa lote litakuwa la mashine.

Baba aliniwahi. "Ile ingine ilikuwa ya kompyuta," akasema. "Hii kidogo ni yangu."

Akaniuliza kesho tunatoka saa ngapi. Halafu akataka viatu vyake na brashi.

Tangu jeshini, baba hatoki kwenda popote pa maana bila kung'arisha viatu mwenyewe jioni ya kuamkia safari. Tangu augue nimekuwa nikimng'arishia mimi, naye hutazama pembeni. Leo aliishika brashi kwa mkono wa kulia. Ilipomdondoka niliinama kuiokota. Akaninyooshea kidole, nikarudi kukaa.

Aliiokota mwenyewe. Ilichukua muda.

Mvua haijakatika. Viatu viko mlangoni, kimoja kinang'aa kuliko kingine. Kesho tutatoka mapema, kabla barabara haijajaa maji.