Blanketi la Sukari Halikufuliwa

Khuwair ya Kusini, Muscat

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kicheche, bado anakutoza kodi ya kuku? Mimi mzima, kazi naiweza, ila joto la huku usiulize. Kwenye simu tunaongea, najua, lakini hili nikilisema kwa mdomo nitalia. Ndiyo maana nimeandika, atakuletea jirani yangu Mwajuma anayekuja likizo.

Cheka kwanza. Bi Thuraya, mwajiri wangu, anafuga ndugu wa kicheche! Walikuwa wawili, Sukari na Halwa, weupe, wanaishi ndani kwenye kiyoyozi. Siku ya kwanza kuwafungulia tundu lao, wakabinua migongo, wakaruka kinyumenyume midomo wazi, wakajigonga kwenye makochi huku wakilia du-du-du. Nikajua kifafa, kama si mashetani. Nikaanza Ayatul Kursi kwa sauti. Bi Thuraya, mzaliwa wa Unguja, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwana we, hao wana furaha! Wanakwita mcheze, nawe wawasomea!"

Tangu hapo nikawapenda. Wakiudhika wanazomea sss, wakiogopa mkia unafutuka wote. Halwa aliiba soksi zangu, funguo, hata kijiko cha kahawa, akaficha chini ya kabati. Wezi wenye akili, mama! Na kila kitu kwao ni pua. Ukiingia wanakunusa kwanza, ndipo wanakuamini. Kulala, wanajiviringa pamoja usijue mkia upi ni wa nani.

Wiki iliyopita Sukari aliugua, akafia kwa daktari, akazikwa hukohuko. Likarudi blanketi lake tu. Bi Thuraya akaniambia, "Lifue, Halwa asije akamkumbuka." Lakini Halwa alikuwa anazunguka kila chumba akimtafuta, chakula hagusi, mbavu nje. Nikaona huyu atakufa. Sikulifua, nikamtandikia. Alilinusa, akalinusa, halafu akaliburuta kwenye kona, akalala juu yake. Alipoamka akala. Bi Thuraya alinishika mkono tu.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na kaka Shabani na cherehani yake.

Mama, baba mmemzika mimi niko huku. Mpaka leo simu ikilia nasema ni yeye. Arobaini imekaribia, najua mtafua nguo zake mzitoe sadaka. Lile shati lake la shambani mpe Mwajuma aniletee.

Usilifue.

Mwanao,
Zuhura