Glasi ya Tangawizi Isiyokuwepo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mgongo unauma. Jana saruji bandarini, leo dukani kwa Nestor — namwashia jenereta, nafagia, nabeba. Nestor anachapa mabango ya harusi na misiba. Siku hizi anaunda pia picha ndani ya kompyuta, za vitu ambavyo havipo.

Asubuhi akaingia Mama Mwanahamisi, yule mwenye kibanda cha vinywaji karibu na gare, stesheni ya treni. Anataka bango: glasi moja ya tangawizi yake, kubwa kuliko mlango. Nestor alishaipiga picha mara mbili. Ilitoka kama mto Lualaba baada ya mvua, na nzi juu.

"Basi nitakuundia glasi yenye haiko, mama."

Mama akamuuliza kama na wateja watakuwa wale wenye hawako.

Kumbe lori lake linakwenda Obokote Jumamosi saa tisa. Obokote! Kwetu! Sijafika miaka miwili. Na Sifa, binti yangu, anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo. Nikaomba nafasi. Mama akanitazama, akamtazama Nestor.

"Papa Tambwe, huyu njo mvivu. Umusukume. Bango likisimama kabla lori halijatoka, utakaa mbele na dereva. Lisiposimama, mubaki hapa, mufundishane uvivu."

Nisipofika, shemeji Bulaimu atakalia kiti cha baba. Na atahutubia. Harusi iliyopita alihutubia mpaka wali ukapoa na bibi mmoja akaanguka.

Jumanne, 5 Agosti

Glasi ya kwanza: nyeusi! Kama matako ya sufuria.

Nestor alikuna kichwa saa nzima. Halafu akasema glasi haina rangi yake. Inaonyesha tu vilivyo karibu nayo, na mule ndani ya kompyuta hakuna kitu, giza tupu. Akaunda dirisha, ukuta mweupe, kipande cha mbingu. Watu hawataviona kwenye bango, ila glasi itaviona. Na kweli — ikatokea! Ukingo mwembamba mweusi, dirisha limejipinda ubavuni. Nilitaka kuishika.

Nikauliza kama anaweza kuniweka na mimi pale dirishani. Akasema nitaziba mwanga.

Redio: vita vimesogea tena. Obokote bado, wanasema. Neno hilo "bado" silipendi.

Jumatano, 6 Agosti

Kinywaji. Kazi kweli kweli. Picha moja, jenereta inanguruma tangu asubuhi hadi adhuhuri, na inatoka na vipunje kama imemwagiwa mchanga. Nestor akaongeza saa mbili. Mchanga ukapungua.

Lakini kuna kitu kilinikera. Sikujua nini. Nikasogea, nikarudi nyuma. Miaka sita nilibeba makreti ya chupa kwenye mitumbwi ya Lokandu, chupa nazijua kuliko jamaa zangu.

"Patron, hii tangawizi haigusi glasi. Inaelea."

Akasema haiwezekani. Nikachukua glasi ya chai, nikatia maji ya ndoo, nikaiweka mbele ya pua yake. Angalia pembeni! Maji yamefika hadi mwisho. Kwako kuna pete nyeupe katikati, kama pengo la meno.

Akaikuza picha pale pembeni. Kumbe alikuwa ameacha upenyo, unywele mmoja tu, akiogopa vitu viwili kukaa mahali pamoja. Nikamwambia aikandamize tangawizi ukutani, iingie ndani ya glasi yenyewe kidogo, nani atajua? Akaingiza. Pete ikapotea!

Sasa ananiita Profesa. Mimi niliacha shule darasa la nne.

Baadaye nikamgombeza kwamba mrija wake umevunjika pale unapoingia kwenye kinywaji. Akachovya kidole changu kwenye glasi ya chai. Kilivunjika pia. Uprofesa ulidumu saa moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumelisimamisha bango asubuhi! Siku moja kabla! Linang'aa, la manjano, safi, jua linapita katikati. Watu walisimama midomo wazi. Mama alinipigia makofi. Nilifunga mzigo wangu.

Saa nne pikipiki ya kwanza ikasimama. Motari akafungua tanki.

"Mama, litre mbili."

Ya pili. Ya tatu. Saa sita walikuwa foleni.

Esansi! Hapa Kindu petroli inauzwa kandokando ya barabara, ndani ya chupa, manjano vile vile, safi vile vile. Sisi wawili tuliitazama siku nne na hakuna aliyeona. Motari mmoja aliletewa tangawizi ya kweli, akainusa, akasema hii imechanganywa na maji.

"Nestor! Umenichorea esansi! Bango hili halihesabiki, na nafasi ya Papa Tambwe kwenye lori bado."

Nestor akajitetea: ataongeza povu juu. Mama karibu ampige kwa kandambili. Njano na povu? Bia? Yeye, mwislamu, mbele ya msikiti?

Nikaenda kuitazama tangawizi yenyewe. Haipitishi jua. Mwanga unaingia, unapotea humo kama muntu sokoni. Chini kuna tope lake. Nikamwambia Nestor: umeiosha mno. Ichafue.

Jumamosi, 9 Agosti, saa nane na nusu

Naandika magotini, kando ya jenereta, nje ya duka; gare na lori viko ng'ambo ya barabara.

Picha mpya inatengenezwa. Ina tope, ina ukungu, ni tangawizi hasa, mpaka koo linawasha. Imefika asilimia themanini na tatu. Baadaye kuchapa, kutundika. Jenereta inakohoa — esansi imekwisha. Motari wa jana wameinunua yote barabarani.

Amebaki Twaibu peke yake, muuza esansi jirani ya kibanda cha Mama, ana chupa mbili. Hauzi. Anataka bango la zamani! Anasema tangu azaliwe hajaona esansi nzuri kama ile. Atoe chupa, apewe bango.

Mama anasema bango ni lake, na hatamtangazia biashara muntu aliyemwibia wateja tangu jana. Wanabishana. Nestor ameshika kichwa.

Twaibu amenipa chupa nimshikie ili apate mikono miwili ya kugombana. Nimeiinua juani. Ukingo mwembamba mweusi. Gare nzima imo ndani, imepinduka, lori pia, na Soudi dereva miguu juu, anapiga honi. Sawasawa kabisa na ya Nestor. Kweli aliijua kazi.

Honi ya pili.

Hakuna anayenitazama. Tanki la jenereta liko wazi, hapa, karibu na goti langu —