Nani Abebe Kodi ya Smouha: Kikao cha Washirika wa Ofisi ya Mawakili Barsoum

Kabla ya yote katibu anaomba iingie humu sauti moja: mlango wa chuma wa lifti ya jengo letu la zamani, Manshiyya, ukijifunga kwa kishindo. Ndivyo tulivyojua mteja anakuja. Lifti ya Smouha haisikiki. Mwenyekiti aliuliza kama hilo ni ajenda. Katibu alijibu kwamba ni utangulizi.

Tarehe: Alhamisi, 17 Oktoba 2019
Mahali: Ofisi mpya, Smouha, Aleksandria
Waliohudhuria: Wagdi Barsoum (Mwenyekiti), Inas Zahran (Mweka Hazina), Tarek Labban, Nihal Shukri (Katibu)
Aliyetoa udhuru: Kamal Fanous, yuko Kairo kwa kesi

KUMB. NA. 1/10/2019: GHARAMA ZA OFISI

Mweka Hazina alieleza kwamba tangu kuhama, kodi, walinzi, viyoyozi na chemchemi ya ukumbini yenye samaki vinagawanywa sawa kwa kila jalada. Hivyo jalada la kampuni ya meli linabeba mzigo uleule na jalada la Bi Galila Awad, mshonaji, anayewadai kaka zake fungu lake la nyumba ya baba yao. Ada yake imepanda mara tatu.

Mwenyekiti alimkumbuka marehemu baba yake, mwanzilishi. Kodi ya Manshiyya, ya mkataba wa zamani, haikufikia hata bei ya kahawa tuliyokunywa. Kampuni za pamba zilibeba ofisi. Mwenye shida alilipa nusu mwanzoni, nusu baada ya hukumu. Alisema wagomvi wengine walipatanishwa na mpika kahawa kabla hawajamfikia wakili.

KUMB. NA. 2/10/2019: BI GALILA AWAD

Katibu alieleza kwamba Bi Galila alikuja, akasoma barua ya ada mpya, akasema, "Binti yangu, nilidhani nimekosea jengo." Kaka zake wanauza nyumba mwisho wa mwezi. Shauri lisipofunguliwa kabla ya hapo, hapati kitu. Katibu aliomba kila jalada libebe gharama kwa uzito wake, kama zamani.

Ndugu Labban, aliyeitafuta ofisi hii, alipinga. "Ustadha Nihal, chemchemi ile ndiyo iliyotuletea benki. Tuikaushe kwa ajili ya cherehani?"

"Usimtanie," alisema Mweka Hazina. "Hata mimi nikipita pale najiuliza maji yale yanalipwa na kesi ya nani."

"Si uliidhinisha mwenyewe?"

"Niliidhinisha kodi, Tarek. Samaki sikuwaidhinisha."

Kura zililingana, wawili kwa wawili. Kura ya uamuzi ya Mwenyekiti ilikwenda upande wa Ndugu Labban. Alimwambia katibu, "Mwanangu, baba yangu angekubali. Lakini baba yangu hakuwa na mkopo."

Iliamuliwa kwamba majalada madogo yafungwe na ufunguo wa Manshiyya urudishwe kwa mwenye jengo, isipokuwa mshirika akipenda kubaki kule na majalada hayo kwa gharama yake mwenyewe.

"Nani arudi kule?" Ndugu Labban aliuliza. "Hata paka wamehama."

Katibu alilinukuu swali hilo.

KUMB. NA. 3/10/2019: KUFUNGA

Wajumbe waliinuka saa kumi na moja na nusu jioni.

Mwenyekiti: W. Barsoum ..................
Katibu: N. Shukri ..................

Taarifa ya utekelezaji: kumbukumbu hizi zimeandikwa Manshiyya. Shauri la Bi Galila lilifunguliwa mahakamani Jumapili asubuhi, kwa ada ya zamani, na nusu ya kwanza nimeipokea mimi, katibu.