Nani Anaiua Mikonge Yako ya Sebuleni?

Baba,

Shikamoo. Mdomo umezoea, na marahaba yako siku hizi naisikia kichwani tu.

Mikonge yako ya sebuleni, ile ya majani yaliyosimama kama panga, ilianza kufa wiki ya pili baada ya kukuzika. Majani yalilegea kwenye shina, yakageuka manjano, yakalala sakafuni. Wewe uliikuza miaka yote ndani ya makopo ya rangi na hatukuona jani likianguka. Nikasema hapa pana mkono wa mtu.

Na mtu mwenyewe nilimjua. Shangazi Somoe, dada yako, alikuja msibani kutoka Mchinga akabaki kungoja arobaini. Siku ya kwanza tu aliitazama mikonge akauliza, hii nyumba au shamba la katani? Basi sikumwondolea macho. Akipita na birika la chai, nami nyuma yake. Niliuonja hata udongo kwa ncha ya ulimi, nikitafuta chumvi. Sikuipata, nikasema kumbe anatumia maji ya moto. Mwishowe nikafunga sebule mbele ya macho yake, ufunguo nikampa Mama. Shangazi alifunga kanga zake asubuhi ile ile, akaondoka bila kuniaga. Arobaini yako hakuiona.

Majani yakaendelea kuanguka.

Hapo nikakumbuka ulivyokuwa ukinikataza kumwagilia ovyo: "Tia kidole kwanza." Nikatia. Kilizama kama kwenye uji, kikatoka kinanuka. Nikang'oa mkonge mmoja, mizizi yote myeusi, imeoza. Ni maji, Baba. Maji mengi mno.

Adhuhuri ya siku hiyo nikamwona Mama. Tangu aingie eda anatawadhia sebuleni juu ya beseni, magoti yanamsumbua kufika uani. Alipomaliza alilinyanyua lile beseni, maana maji ya udhu hataki yamwagwe chooni, akayagawa kwenye makopo yako taratibu. "Haya, mume wangu, na wewe." Mara tano kwa siku. Nilirudi chumbani nikalia mpaka kwikwi.

Niliing'oa mikonge yote. Nilikata palipooza mpaka nikafika penye ugumu, nikaacha vidonda vikauke kivulini siku nne, nikapanda upya kwenye mchanga, makopo nimeyatoboa chini kwa msumari. Mama nimempandia mrehani, unaopenda maji, nikamwambia huu ndio wako na Baba. Unanawiri mpaka unakera.

Mikonge mitatu imeshika. Nikiivuta haing'oki.

Eda ikiisha nitakwenda Mchinga na mkonge mmoja mkononi. Nitamwambia Shangazi nilimdhania ubaya ndani ya nyumba ya kaka yake, tena nikiwa bado na kanga ya msiba. Akitaka kunitukana, anitukane, nimestahili.

Pumzika, Baba. Nakuahidi akikubali kurudi, sebule ataifungua mwenyewe. Ufunguo nitakuwa nimemkabidhi yeye.

Mwanao