Upande wa Kushoto wa Mama

Jumanne, Kihonda

Yaani miezi yote hii mama anapiga mswaki upande mmoja tu! Eti fizi za kushoto zinatoka damu, kwa hiyo anazipumzisha. Mimi, daktari wa meno, nimejua leo aliposhuka kutoka kwake milimani, nikamkagua kinywa.

Nilifoka, kisha nikamweleza. Seli za fizi zina vipokezi vinavyotambua bakteria na kuamsha kinga. Uchafu usipoondoka, havinyamazi; uvimbe unakuwa sugu, na kinga hiyo hiyo inaula mfupa wa taya taratibu.

"Kumbe ninaliwa na mwili wangu mwenyewe?"

"Ukiuacha hivyo, mama."

Jioni amesugua kushoto, akatema damu, akaendelea. Nimeshusha pumzi.

Sikumwambia kwamba jino moja limeshalegea. Nadhani anajua. Ulimi wake hauachi kuligusa.