Baba, Meja na Mto Mkavu

Chechelesi, Isiolo
12 Novemba 1984

Kwa ndugu yangu Warsame,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Habsa na watoto, na kwamba ile homa uliyoniandikia imekwisha. Sisi hapa kwa baba mdogo Awale hatujambo, ila visigino vyangu bado vimepasuka na siwezi kuvaa viatu vya kufunga.

Umenilaumu kwamba habari za mwisho za baba ulizisikia kwa madereva wa malori na si kwangu. Una haki. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona mchanga tu. Leo naandika kwa sababu Ijumaa ni hitima ya arubaini, na baba mdogo amesema masheikh wasimkute mbwa hapa. Madereva hawakukuambia kwamba yule mbwa ni mzima, na kwamba analala mlangoni pangu. Akuam, mlinzi wetu, amepewa kamba ampeleke machimbo ya mawe na arudi peke yake. Jana Akuam alisema anaumwa mgongo. Leo amesema kamba ni fupi. Kesho sijui atasema nini, na visingizio vya Mturkana huyu vikiisha mbwa naye ameisha.

Alikuwa mbwa wa Kiogora, yule bwana mifugo Mmeru aliyepakana na duka letu Sericho. Ng'ombe walipokwisha kufa hakukuwa na wa kutibiwa, Kiogora akahamishwa, akaondoka na lori la mwisho. Mbwa alibaki amekaa katikati ya barabara akitazama vumbi. Jina lake ni Meja, na jina hilo lilimuudhi baba kuliko unajisi wenyewe. Babu yetu alipigana vita vya Waingereza miaka na miaka akastaafu na ukoplo. Baba alikuwa akisema hajawahi kuona nchi inayompa cheo mbwa na kumnyima babake.

Lori halikurudi tena. Dukani kulibaki majani ya chai na betri za tochi, na betri haziliwi. Kisima kilipoanza kutoa matope, baba aliamua tuufuate mto Ewaso Nyiro kwa miguu mpaka Korbesa, kwa rafiki yake Tache, maana malori yalikuwa bado yanafika upande ule. Ninyi watu wa Mombasa mnatembea kando ya bahari kupunga upepo. Na sisi tulikuwa na ufuo wetu, mchanga mweupe mpana mpaka macho yanauma, ila maji ndiyo hayakuja. Penye makombe ya bahari kwenu, kwetu palikuwa na mifupa ya ng'ombe. Tulimpita ngamia aliyekufa ameketi, shingo juu, kama anayengoja kufungwa mzigo.

Meja alitufuata. Baba alimtupia jiwe. Akalinusa, akalibeba kwa mdomo, akaja kuliweka miguuni pake. Akamtupia lingine, nalo likarudi. Baba alisema mnyama huyu hana akili hata kidogo, nami nilicheka, na sijacheka vile tena. Mwishowe wakafikia mapatano: mbwa apite ukingo wa kule, sisi tupite ukingo wa huku. Wanawake wa Kiborana tuliowakuta wakichimba mchanga kutafuta maji walimwuliza baba kama ameanza kuwinda nguruwe uzeeni. Aliwajibu kwa heshima zote kwamba mbwa si wake, ni msafiri tu ambaye njia yake ni moja na yetu.

Maji tuliyoyapata kwa wanawake hao yalikuwa robo ya jerikeni. Adhuhuri tulipumzika chini ya mgunga, nikamimina kidogo kwenye sufuria ya chai, nikaenda kuokota kuni. Kugeuka, Meja amevuka mto na kichwa chake kimo ndani ya sufuria. Baba aliinuka. Aliyamwaga maji yaliyobaki, kisha akaichukua jerikeni. Unaijua sheria yetu, chombo alichoramba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Udongo ulikuwepo wa kuosha dunia nzima. Nilimsihi tuiache sufuria pale pale, tutakunywa kwa kifuniko cha jerikeni. Alikataa. Alisema nyuma yetu watakuja watu wengine, mama mmoja ataiokota amshukuru Mungu, awapikie wanawe bila kujua kilichoigusa, na yeye hawezi kumtegea Mwislamu mwenzake najisi njiani. Aliosha polepole, kama mtu aliye karibu na bomba. Alipomaliza, jerikeni haikuwa na uzito.

Nilimkasirikia, Warsame. Kwa muda ule nilimchukia baba yangu, na nilitaka kumshika mabega nimtikise.

Korbesa tulifika, lakini kifua chake kilikuwa kimeshaharibika. Alikufa alfajiri nyumbani kwa Tache na huko ndiko alikozikwa. Watu walipokuja kunipa pole waliniuliza ilikuwaje, nikasimulia mpaka pale kwenye sufuria, nikaangua kilio nisiendelee. Wakajimalizia wenyewe. Nilipofika Isiolo na Meja, habari ilikuwa imenitangulia: eti Shuriye baba yetu aliona heri afe kwa kiu kuliko kunywa alipokunywa mbwa. Inasimuliwa msikitini. Mama mdogo Amino ameifunika sufuria ile kwa kitambaa cha kufuma na anawaonyesha wageni, na Ijumaa anataka sheikh mkubwa apakuliwe ndani yake. Wewe mwenyewe umeandika kwamba unajivunia na umewaambia watoto. Na kwa habari hiyo hiyo Meja anatafutiwa kamba ndefu, kwa kuwa nyumba ya mtu kama yule haiwezi kufuga mbwa.

Sasa sikiliza nusu ambayo hakuna anayeijua. Kesho yake, baada ya kuosha sufuria, baba alikaa chini akashindwa kuinuka. Ulimi wake ulikuwa umevimba. Aliniambia niende peke yangu, nikakataa. Ndipo nikamwona Meja penye kona ya mto akichimba, mchanga ukiruka nyuma yake, mpaka ukabaki kuonekana mkia tu. Tulipofika pale, baba akitambaa kwa magoti, chini kulikuwa na maji ya matope na mdomo wa mbwa ulikuwa tayari ndani.

Baba aliyatazama maji yale. Kisha alimwambia mbwa kwa Kiswahili cha jeshi kwamba, afande, asogee kidogo. Alichota kwa sufuria yake safi, akaninywesha mimi kwanza, akisema aliyemuumba mbwa na pua hiyo anajua kwa nini, na kwamba mwenye kufa hana sheria ya vyombo. Akanywa yeye. Shimo lilipoanza kubomoka alichota tena, akamwekea Meja sufuria ile ile mbele yake. Mbwa akiwa bado anaramba, baba alimpigia saluti, akacheka mpaka akakohoa damu. Hakuiosha tena. Kuanzia hapo Meja alitembea ukingo wetu.

Alfajiri ile, kwa Tache, aliniuliza kama Meja amepewa maji. Nikamwambia amepewa. Ndipo akasoma shahada.

Kwa hiyo baba hakufa msafi wanavyotaka watu, na mimi nampenda zaidi kwa alivyokufa. Barua hii haitakufikia kabla ya Ijumaa, najua. Sikuombi ruhusa. Sheikh atakapoanza kusimulia, nitasema yote nikiwa nyuma ya pazia na wanawake, na nimekuandikia usije ukayasikia tena kwa madereva. Baba mdogo atakasirika, pengine nitahitaji mahali pa kukaa. Juu ya sufuria usiwe na wasiwasi, nimeiosha mwenyewe mara saba, hapa kwenye bomba.

Nisalimie wifi na watoto, na kila anayeuliza habari zetu. Mungu akulinde huko Mombasa. Ukija, na ukimkuta, usimtupie jiwe. Atakurudishia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kinsi Shuriye