Saini ya Tisa

Nyumbani kwangu, meza ya jikoni,
Jumapili mchana

Kwako Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wote wanaokula kwenye sufuria yako. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unaamka kabla yangu. Goti lako vipi? Na shemeji ameacha kubishana na redio? Wapwa wangu nisalimie mmoja mmoja, na yule wa mwisho mwambie viatu alivyovisahau hapa navivaa mimi, asihangaike kuvitafuta.

Najua jicho lako limeshauona mwandiko. Ni kweli umepinda, na mistari inateremka kama inakimbia kitu. Nivumilie. Nitakueleza, lakini kwa utaratibu wangu, maana nikianzia mwisho nitakosa ujasiri wa kuendelea.

Nianze na daftari langu la saini, lile la jalada jekundu unalolicheka. Uliwahi kusema kwamba mtu mzima mwenye akili zake hawezi kufungia majina ya watu kabatini kama sahani za wageni. Basi daftari hilo ndilo lililonifikisha hapa. Wewe unajua kwamba katika filamu zote nilizoziendesha kwenye mtambo wa sinema kwa miaka thelathini na mmoja, ninayoipenda kuliko zote ni ile nyeusi na nyeupe ya kituo cha treni. Watu tisa wamo kituoni, mvua imekata reli, na mkuu wa kituo anaificha telegramu ambayo ingewaokoa wengine wote. Nimeiona mara zisizo na hesabu, na bado muuguzi, mmoja wa wale tisa, akishika kitasa cha chumba cha mizigo, nywele zinanisimama. Picha za siku hizi zina mbio mno. Zile za zamani ziliuacha uso wa mtu mbele yako akiwaza, mpaka ukaujua kuliko uso wa jirani.

Waigizaji walikuwa tisa, nami nilikuwa na saini nane. Tano zilikuja kwa posta, baada ya barua za kuomba na kuomba tena. Mbili nilizipata kwa kusimama nje ya ukumbi wa maigizo mpaka mlinzi akanizoea na kuanza kunitunzia kiti. Ya nane alinipa binti wa mwigizaji mmoja aliyefariki. Alikata kipande cha chini cha karatasi ya baba yake chenye saini tu. Hiyo niliibandika mwenyewe, mwezi ule ule tuliomzika mama watoto, kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi.

Iliyobaki ni ya mkuu wa kituo. Yule mwigizaji watu walimbandika jina la Fitina, na jina likamganda hata sokoni. Kila niliyemuuliza aliniambia Fitina hatii saini, hajawahi, na pengine hata hayupo tena duniani. Nikaapa kwamba ukurasa wa tisa hautabaki mweupe. Unanijua nikishika jambo. Mama alikuwa akisema ni rahisi kumtoa kupe kuliko kunitoa mimi.

Nilipata habari zake kwa fundi saa wa mtaa wa pili. Alikuwa ametengeneza saa ya ukutani ya mzee mmoja anayeishi ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa, mzee mwenye sauti ambayo fundi alisema ilimfanya arudishe bisibisi mezani kabla hajaambiwa. Nikajua ni yeye. Kesho yake asubuhi nilipanda ngazi zile, daftari kwapani, shati limepigwa pasi.

Alifungua mlango kiasi cha mnyororo. Nilishangaa kuona uso wake hauna lile kovu la kwenye filamu. Nusu ya maisha yangu nimelichukia kovu lililopakwa kwa brashi. Nikamweleza shida yangu. Akanijibu kwa upole kwamba miaka ile watu walipokuwa wakimkimbilia muuguzi wamwombe saini, yeye walimtemea mate viatuni, na mwanamke mmoja alimpiga na mwavuli kituo cha basi kwa ajili ya telegramu. Akasema hakuwapa saini wakati ule, hataanza leo. Akafunga mlango.

Nilirudi wiki iliyofuata, akafunga. Nikarudi tena, akafunga. Mara ya nne nilijua nikiomba saini nitafungiwa tena, kwa hiyo sikuomba. Nilimwambia tu kwamba pale hatimaye anapoichoma telegramu mkono wake unatetemeka kabla kiberiti hakijawaka, na kwamba mtu mbaya kweli hatetemeki. Mlango ukafungwa. Kisha nikasikia mnyororo ukitolewa.

Chumba chake kina viti viwili, kitanda cha chuma, ile saa, na dirisha linalotazama paa la dobi ambako mashuka ya watu yanakauka. Hana picha hata moja ukutani. Alichukua kioo chake cha kukuzia akalipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akiwataja wenzake kama anaita majina darasani, nani alikuwa mchoyo, nani alilia kweli kwenye kamera. Alipofika ukurasa wa nane akausogezea kioo karibu. Aliligeuza daftari juu chini, akaangalia, akanitazama mimi, akaligeuza tena. Nikadhani ni uzee.

Ndipo akatoa bahasha chini ya godoro. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja ya kupigwa taipu, iliyochakaa kwenye mikunjo. Aliniambia kulikuwa na onyesho moja ambalo sisi watazamaji hatukuliona. Usiku wa mwisho kituoni, mkuu wa kituo anamwendea muuguzi na kumwambia mwenyewe alichokifanya. Walilipiga picha siku nzima, alilifanya kwa moyo wote, kisha mkanda ukaonekana mrefu na onyesho likakatwa. Hivyo dunia ikabaki na ubaya wake peke yake. Akasema maneno yale ameyasoma moyoni miaka mingi, ila hajawahi kuyasikia kwa sauti ya mtu mwingine. Nikimsomea ukurasa ule mmoja, atatia saini.

Dada, nilijipapasa mifuko yote. Nikamwambia, samahani mzee, nimesahau miwani nyumbani. Akaninyooshea kioo chake cha kukuzia. Nikasema macho yangu na vioo vya namna hiyo hayapatani. Aliikunja karatasi polepole, akasema hakuna neno, nije siku nitakayokuwa na miwani, yeye hana safari. Ngazi zile niliziteremka uso umenishuka, kana kwamba watu wote wa duka la dawa wameambiwa.

Sasa nimefika pale nilipopaogopa. Mimi sina miwani. Sijawahi kuwa nayo, macho yangu ni mazima kama ya paka. Nilikuwa sijui kusoma, Dada. Wala kusoma wala kuandika.

Barua zote ulizopokea kutoka kwangu, na zile za kuwaomba waigizaji, aliziandika mama watoto. Mimi nilikuwa natembea chumbani nikisema, yeye anaandika, na mara nyingine ananikatalia neno. Saini yangu ya kazini alinifundisha kuichora kama mtu anavyochora kikombe. Makopo ya mikanda niliyatia alama za rangi, nyekundu ya kwanza, buluu ya pili, na meneja alinisifu kwa utaratibu mzuri. Hata saini za daftarini nilizijua kwa umbo, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake. Mama watoto alipotutoka, barua zikakatika, nawe ukaniambia kwenye simu kwamba unaelewa, ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, na ni makubwa. Lakini niliyatumia kujificha.

Nilikaa siku tatu ndani nikimkasirikia Fitina. Siku ya nne hasira zikanigeukia mwenyewe. Nikajiuliza ni mtu gani huyu anayetafuta majina ya watu kwa udi na uvumba, na jina lake mwenyewe hajui linaanzia wapi. Nikapiga moyo konde, nikaenda kujiandikisha darasa la watu wazima, pale shule ya msingi, kila siku saa tisa alasiri. Ile kazi ya alasiri niliyokuambia nimepata ndiyo hiyo.

Madawati ni ya watoto, magoti yangu yanagonga juu. Mwalimu ni mdogo kuliko kitindamimba wangu, na ananiita babu mbele ya watu. Niliketi kati ya muuza mboga, ambaye alielewa kila kitu siku ile ile, na mlinzi wa benki aliyekuwa akisinzia huku kalamu ikiendelea kuandika. Mwezi wa kwanza nilitokwa jasho kwa herufi kama mtu anayebeba mifuko ya saruji. Mara mbili nilifika getini nikageuza. Mara zote mbili nilirudi kabla kipindi hakijaanza, kwa sababu ukurasa wa tisa ulikuwa bado mweupe na mzee hazidi kuwa kijana.

Mwezi wa saba wa masomo nilifungua daftari langu ili nijaribu kuzisoma saini. Nyingine hata mwalimu hakuziweza, lakini ya nane ilikuwa na herufi za wazi kabisa. Nilikuwa nimeibandika kichwa chini. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, maana nilielewa kwamba Fitina alijua tangu siku ile. Alijua, na hakusema, na akaniachia mlango wa miwani niutumie. Nilitaka kuibandua niigeuze. Nimeiacha vile vile.

Baada ya mwaka mmoja na mwezi mmoja nilipanda ngazi zile tena. Alikuwa amedhoofika, amelala, nesi wa jirani ndiye aliyenifungulia. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliuliza kama nimekuja na miwani, nikamwambia ndiyo, nimekuja nayo, naye akautazama uso wangu usio na kitu. Akanipa karatasi.

Ukurasa ule mmoja ulinichukua karibu saa nzima. Nilifuata kwa kidole. Kuna neno nililianza mara tano, yeye hakunisaidia, na namshukuru kwa hilo. Mkuu wa kituo anasema pale kwamba hakuificha telegramu kwa chuki. Aliificha kwa sababu siku ya kwanza aliogopa, na siku ya pili ilikuwa vigumu zaidi kuliko ya kwanza, na kila siku iliyopita ikaifanya iwe nzito kuitoa. Nilipomaliza, mzee alikuwa amefumba macho, mashavu yamelowa. Akaomba kalamu. Ametia saini kubwa, imevuka hadi ukurasa unaofuata, na chini yake ameandika kwamba ni kwa msomaji wake.

Alizikwa mwezi uliopita. Tulikuwa watu sita. Lakini nilitoka kwake siku ile nikijua kwamba na mimi nina telegramu yangu, na aliyeandikiwa ni wewe.

Uliacha shule darasa la tano ili umuuguze mama, na ikaamuliwa mimi ndiye nianze kusoma kwa sababu kichwa changu kilikuwa chepesi. Nilikwenda miezi miwili. Asubuhi moja nilikuta mlango wa nyuma wa ukumbi wa sinema uko wazi kwa ajili ya joto, nikaingia, nikaona uso mkubwa kuliko nyumba yetu. Sikurudi shuleni tena. Miaka minne, Dada, ulinifulia sare, ukanifungia chakula, nami nikaenda kukaa gizani. Sikushindwa na masomo, kama mnavyodhani wote. Niliyakimbia.

Na jioni ulikuwa ukiniuliza, huku unamkanda mama miguu, leo tumefundishwa nini, kwa sababu ulitaka nawe ujifunze kupitia kwangu. Nikakusimulia filamu. Yule malkia aliyemficha kaka yake kwenye pipa la unga, uliyenifanya nirudie habari zake mara tatu, hayumo katika historia ya nchi yoyote. Ulimsimulia binti yako, naye akamwandika kwenye mtihani akakosa, na wewe ukafunga kanga ukaenda kugombana na mwalimu. Yule mwalimu alikuwa na haki. Nilikuwa mtu mzima tayari wakati huo, nikakusikia ukisimulia ugomvi huo kwa fahari, nikanyamaza.

Ulinipa nafasi yako, nikaitupa, kisha nikakuacha ushukuru. Sina la kujitetea. Niliogopa, halafu ikawa nzito. Nimeiandika barua hii wiki sita, na hakuna aliyeishika kalamu isipokuwa mimi. Mwalimu aliomba airekebishe nikakataa. Darasa siachi. Januari nitafanya mtihani wangu wa kwanza tangu nizaliwe, na mtoto wa mama yetu atakuwa na cheti hata kama ni cha uzeeni.

Msalimie sana shemeji, na umsomee barua hii ukipenda, sitaki kumficha mtu tena. Binti yako mwombe radhi kwa niaba yangu kuhusu malkia. Jitunze, na goti hilo ulikande kwa maji ya moto, usilionee haya.

Tafadhali usinipigie simu. Ukipiga utalia, nami nitalia, na hakuna atakayesema la maana. Keti, uchukue kalamu, uniandikie chochote kilichomo moyoni mwako, hata kama ni matusi ya kurasa nne. Nitayasoma mwenyewe.

Ni mimi,
mdogo wako